Rangi Niliyompa Marwa

Ninachokueleza kilinitokea mimi mwenyewe, si binamu wala jirani, na sikuwa nimekunywa. Nasema mapema kwa sababu watu wakisikia habari za machimbo ya Nyakunguru hudhani ni stori za kijiweni. Natamani ingekuwa hivyo. Kama ningekuwa natunga, ningejitunga vizuri zaidi, maana humu ndani sitoki na heshima yoyote.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio Tarime mjini, ya kawaida tu: pasipoti saizi, harusi, mahafali. Lakini nina ugonjwa mwingine ambao mke wangu anauita kichaa cha anga. Mzungu mmoja aliyekuwa akifuatilia wanyama huko Serengeti, alipomaliza kazi na kurudi kwao, aliniachia darubini, kamera ya kupigia nyota na vichujio vyake, kwa sababu nilikuwa nimemsafishia picha zake za miaka mingi. Mengine nikajifunza mtandaoni. Usiku wenye anga safi napanda na pikipiki hadi kilimani Nyarero, mbali na taa, nafunga mitambo na kuielekeza kwenye wingu moja hafifu upande wa kusini. Kwa macho huoni kitu. Ni mabaki ya nyota iliyopasuka zamani sana, na mwanga wake ni mdogo hivi kwamba kamera lazima ikodoe macho muda mrefu, picha baada ya picha, usiku baada ya usiku.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Kila kichujio kinapitisha mwanga wa gesi moja tu. Kimoja haidrojeni, kingine oksijeni, kingine salfa. Picha zote zinatoka nyeusi na nyeupe, rangi hakuna. Rangi unaiweka wewe kwenye kompyuta: hii iwe nyekundu, hii kijani, hii bluu. Ukilaza nyekundu juu ya kijani inatoka njano, na ukiivutavuta kidogo inakuwa dhahabu tupu. Wapiga nyota dunia nzima wanafanya hivyo na si wizi, mradi useme. Chini ya picha wanaandika gesi gani wameipa rangi gani. Yangu niliichapa kubwa, nikaitundika ukutani pale studio, na chini yake sikuandika kitu.

Enzi hizo rashi ya dhahabu ya Nyakunguru ilikuwa imewaka. Watu walitoka kila kona, wengine wameacha ng'ombe, wengine wameacha ualimu. Wakija mjini kupiga picha za kutuma kwa mama zao, macho yote yalikuwa yanakwama pale ukutani. Unajua mchimbaji akiona rangi ile anavyokuwa? Mmoja aliuliza dhahabu ile iko wapi, nikamwambia iko juu, wakacheka wote. Marwa peke yake hakucheka.

Huyu Marwa alikuwa kijana mpole, mwenye mke aitwaye Bhoke na mtoto mchanga. Alikuwa mtu wa kuamini. Ukimwambia kitu anakitafakari, kisha anakushukuru. Akaniuliza kama kweli kamera yangu inaona vitu ambavyo jicho halioni. Nikasema inaona, na hilo lilikuwa kweli. Akauliza, na dhahabu? Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana, neno moja tu. Badala yake nikakohoa kama daktari, nikajibu kwamba inategemea na kichujio.

Inategemea na kichujio! Mpaka leo nikilikumbuka jibu hilo natamani kujizaba kofi. Lakini utamu wa kuonekana unajua ni mbaya, usikie tu. Tangu siku ile wachimbaji wakaniita Mtaalamu. Nikifika Nyakunguru napishwa kiti, soda inafunguliwa kabla sijakaa. Mimi ambaye nyumbani hata rimoti ya televisheni sipewi.

Marwa akaniomba nimpigie picha ule mteremko uliokuwa nyuma ya maduara, yaani mashimo, ya wenzake. Nikaenda siku ya mbalamwezi, nikabadilisha vichujio mbele yao taratibu, kwa madaha. Nyumbani nikazipaka picha rangi zilezile nilizolipaka wingu langu. Kabonde kamoja upande wa chini kakatoka njano. Kwa nini? Sijui. Labda majani makavu, labda unyevu wa mawe. Nilichojua ni kwamba haikuwa dhahabu. Na badala ya kukaacha, nikakavuta rangi zaidi mpaka kakang'aa, kwa sababu picha ilipendeza, kisha nikamkabidhi Marwa.

Mzee Nyamhanga, mchimbaji wa siku nyingi pale, alimkataza Marwa kuchimba hapo. Alimwambia kabonde kale udongo wake ni mlegevu, kalishawahi kuchimbwa zamani na kujaa maji. Marwa akamwonyesha picha yangu. Mzee akaiangalia, akarudisha, akasema yeye hajui mambo ya kompyuta, na Marwa akaanza kuchimba duara lake pembeni ya kabonde. Nilikuwepo. Nilikuwa nakunywa soda yao.

Basi, tufike kwenye usiku wenyewe. Nilikuwa Nyarero kilimani peke yangu. Kamera ilikuwa kwenye kichujio cha oksijeni, ambacho kwa wingu lile ndicho kigumu kuliko vyote, kwa hiyo nimekaa kimya, nimewasha kitochi chekundu tu ili macho yasiharibike. Nikasikia mtu anapumua. Kugeuka, Marwa ameketi karibu na sanduku la vichujio, kofia ya kazi kichwani, taa yake imezimwa, tope kuanzia nywele mpaka viatu. Mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi. Pikipiki sikuisikia, wala nyayo kwenye majani sikuzisikia, na kutoka Nyakunguru hadi pale si mwendo wa mtu kutembea usiku. Haya yote niliyaona, niamini, na bado nikajiambia kijana amelewa.

Nikamsalimu, nikamuuliza amefikaje. Akasema alikuwa anatafuta njia. Alikuwa anavuta pumzi fupifupi na kujishika kifua. Nikampa maji, akaishika chupa lakini hakunywa.

Kisha akaniambia yuko njia panda. Kuna watu wanamwita upande mmoja, arudi, anawasikia vizuri kabisa. Na upande mwingine kuna lile eneo la kwenye picha, na anahisi amekaribia. Anataka kujua aelekee wapi. Mimi kichwani nikaelewa kwamba Bhoke na wazee wanamtaka aache uchimbaji arudi nyumbani. Nani angeelewa vingine?

"Mtaalamu," akasema, "ile rangi ya dhahabu kwenye picha yangu, uliiona au uliiweka?"

Nitakwambia nilichofikiria, na usinihurumie. Sikumfikiria yeye. Nilifikiria kiti changu kule Nyakunguru. Nilifikiria jinsi nitakavyochekwa na kila bodaboda wa Tarime, na pengine kupigwa. Nikafikiria pia kwamba nitamweleza siku nyingine, mchana, kwa maneno mazuri. Kumbe mwenzangu hakuwa na siku nyingine.

"Niliiona," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama kawaida yake akitafakari. Akasema, "Asante, Mtaalamu. Basi niendelee." Akaegemea sanduku langu kwa kiganja ili anyanyuke, akapita nyuma ya pikipiki, na sikumwona akitokea upande wa pili. Nikamulika. Hakuna mtu. Pale alipokuwa ameketi majani yalikuwa yamesimama wima, hata moja halikulala. Chupa yangu ya maji ilikuwa chini, imejaa. Lakini kwenye kifuniko cha sanduku kulikuwa na kiganja cha tope baridi, lenye harufu ya ndani ya ardhi. Nikakifuta kwa shati langu. Ndiyo, nilikifuta, sikutaka kukiona. Nikafungasha mitambo, nikaondoka bila kuangalia nyuma.

Asubuhi, stendi ya Tarime, habari ilikuwa imeshafika. Duara la Marwa lilikuwa limeporomoka jana yake, jua bado liko juu, naye akiwa ndani. Jana mchana! Na mimi nilizungumza naye usiku.

Nikaenda Nyakunguru. Mzee Nyamhanga nilimkuta amekaa chini pembeni ya shimo, mikono imechubuka yote. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Akanisimulia kwamba Marwa hakufa palepale. Alifukiwa upande wa ndani, akiwa na sururu yake, wakawa wanamsikia anagonga. Wao wakachimba kumfuata na kumgongea vyuma ili ajue walipo, naye akawa anakuja. Alikuwa anawajia, mlio unaongezeka, wakaanza hata kumwita Bhoke asogee karibu. Halafu katikati ya usiku mlio ukanyamaza kwa muda, wakadhani anapumzika.

"Alipoanza tena alikuwa ameshageuka," mzee akasema. "Anakwenda kwa ndani, kule chini ya kabonde. Tulimgongea mpaka nondo ikapinda. Hakurudi. Mura yule, kijana wa watu, alikuwa anachimba kama mtu aliyehakikishiwa."

Unasikia? Mzee wa watu ameniambia hivyo, mimi nikasema pole, nikapanda pikipiki nikaondoka. Walichimba tena siku kadhaa, udongo ukawa unashuka, wakaacha. Mwili haukupatikana. Na mlio haukukoma.

Aibu ilinila nikashindwa kula na kulala. Ile picha ya ukutani niliishusha, lakini kushusha picha kunasaidia nini? Mwishowe nikaenda kwa Bhoke. Nilimkuta anaanua nguo, mtoto mgongoni. Nikamweleza yote, kichujio, rangi, kilimani, swali lile na jibu langu. Nilitegemea atanipiga na nguo zile, na ningeshukuru. Alizikunja moja moja mpaka zikaisha.

"Kwa hiyo, shemeji, huko anakochimba hakuna kitu," akasema.

Nikasema hakuna.

"Basi kamwambie wewe. Sisi tumemwita mpaka sauti zikatukauka. Wewe ndiye mtu anayemwamini."

Ndiyo kazi niliyonayo sasa. Darubini siigusi, siwezi. Naenda Nyakunguru mchana kweupe, watu wananiona, na wote wanajua kwa nini, kwa sababu Bhoke hakuwaficha, wala mimi sikumwomba afiche. Hakuna anayenipisha kiti. Nalala kifudifudi kwenye kale kabonde, naweka mdomo kwenye udongo na kusema, "Marwa, sikuiona. Niliiweka mimi. Rudi." Kuna siku mlio unanyamaza, na mimi nazuia pumzi, najua kule chini ananisikiliza na kutafakari. Kisha sururu inaanza tena. Atajuaje kwamba safari hii ndiyo nasema kweli? Kwa sasa ameshavuka kabonde, mlio umeingia chini ya mashamba ya mihogo ya watu, na mama mmoja kule amehama nyumba yake kwa sababu ya mlio huo.

Wewe unayenisikiliza, sikukatazi kupaka rangi. Paka uwezavyo, lakini useme. Na mtu akikuuliza kama uliona au uliweka, mjibu kweli hapohapo, hata kama dunia nzima itakucheka. Usisubiri kwanza ujue anakuuliza akiwa wapi.