Mikanda Isiyorudi

Kwa Theuri, kazi iliyorudi kwa fundi ilikuwa aibu. Utasema viatu huchakaa, na ndiyo maana fundi anakula. Ni kweli, naye alilijua hilo. Kiatu kirudi kwa soli, si neno. Lakini mshono wa Theuri ukatike? Siku hiyo alikipokea kiatu bila kumtazama mwenyewe usoni, akakishona upya bure, na hata chai ya saa nne haikupita kooni vizuri. Alikuwa ameketi miaka thelathini na moja katika kibanda kile kile kando ya soko la Nyeri, na siku za namna hiyo angeweza kukuhesabia kwa vidole.

Alizaliwa Tetu, kwenye shamba la majani chai na ng'ombe mmoja. Kazi yake ya kwanza ya ngozi aliifanya akiwa darasa la tano, alipounga mkanda wa mama yake. Mama huyo alibeba kila kitu mgongoni, kuni, maji, kabeji, mzigo ukining'inia kwenye mkanda uliopita kichwani, na miaka ya kubeba ilikuwa imemchimbia mfereji mdogo kwenye paji la uso. Watoto wake walipenda kuupitishia kidole akiwa amelala. Baadaye Theuri alikwenda Karatina kwa fundi mmoja aliyemfundisha viatu kwa matusi, akarudi Nyeri na mashine ya kushonea viatu, ile ya kuzungusha kwa mkono, akamwoa Ngendo, wakalea watoto wanne kwa soli na gundi. Hakuna la ajabu hapo. Mafundi kama yeye wamejaa nchi hii.

Kisha, mwaka wa 2017, serikali ikapiga marufuku mifuko ya plastiki. Wiki ile ya kwanza watu walibeba nyanya kwa sweta. Kina mama wakapanda darini, wakashusha viondo, vikapu vya kusuka vya mama zao, vilivyokuwa vimekaliwa na panya, na kwa kuwa ngozi ya mikanda ilikuwa imeoza, wakaja kwa Theuri foleni. Alishona mpaka vidole vikaota sugu. Aliamini kabisa kwamba dunia imebadilika. Miezi minne baadaye sokoni ikaingia mifuko ya kitambaa rahisi, ile inayochanika ukiitazama vibaya, na foleni ikayeyuka. Viondo vikarudi kwa panya. Theuri alikasirika karibu mwezi mzima, akawa anawasuta wateja wa viatu waliokuja wameshika mifuko hiyo, hadi Ngendo akamwambia aache kufukuza watu kwa mdomo.

Biashara ya viondo ilifufuliwa na Sapna, mkaza mwana wa mzee Tulsidas, yule wa duka la mabati na misumari. Sapna aliomba kona moja ndani ya duka la mkwewe, akapanga miswaki ya mianzi, sabuni isiyofungwa kwa chochote, mafuta ya kupikia ya kupimiwa kwenye chupa yako mwenyewe, na viondo vya kina mama wa Tetu. Juu akaandika kwa rangi ya kijani kwamba ukinunua hapo unaitunza dunia. Mzee Tulsidas alicheka hadi akakohoa. Yeye alikuwa amewapimia watu mafuta kwenye chupa zao tangu ujana wake na kuwafungia misumari kwa gazeti, na hakuna aliyewahi kumsifu kwa kutunza chochote.

Lakini wateja walikuja, wengine kutoka Nairobi, wengine wakipita kwenda kupanda mlima, na wa hapa hapa mjini wakafuata. Sapna alimpa Theuri kazi ya mikanda. Miaka minne ikapita, mikanda ikavuka mia nne, na hata mmoja haukurudi. Theuri alitembea mjini kifua mbele.

Ndipo Sapna alipomwita dukani Jumatatu moja. "Fundi, viatu utaacha lini? Kuna chumba hapa nyuma. Nataka wewe hapa kila siku, na watu wawili uwafundishe. Hii kitu inakua. Tuanze tarehe moja. Nipe jibu Jumamosi."

Ili aanze, Theuri angehitaji meza ndefu, visu vizuri na ngozi ya kutosha, yaani angelazimika kuuza mashine ya viatu. Fundi jirani yake, Gatimu, aliitaka, pamoja na kibanda chenyewe. Na nafasi kando ya soko ukishaiachia, umeiachia. Kuna watu wameisubiri tangu watoto wao wakiwa chekechea, na watoto hao sasa wana ndevu.

"Na kama ni fashoni tu?" Ngendo akamuuliza jioni, akichambua mboga. "Ile ya kwanza ilikaa miezi ine, Baba Nyawira."

"Mikanda mia ine, na hata moja haijarudi. Hiyo si fashoni. Hiyo ni kazi safi."

"Na ya Shosho Warigia?"

Hapo Ngendo alikuwa amegusa jipu. Warigia, bibi kizee, aliuza viazi sokoni, na kiondo chake kilikatika mkanda kila mwaka kabla ya mvua. Kilikuwa kimoja cha vile vya darini, na hakikurudi huko tena. Theuri alikipokea upesi upesi, akakificha chini ya meza, akakishona wakati hakuna mteja. "Huyo hubeba kama lori," alimjibu mkewe. "Huyo usimhesabu."

Alhamisi Sapna alimtuma kwa mteja mmoja, mama mchangamfu aliyejenga nyumba nzuri upande wa Ruring'u. Alikuwa amenunua viondo kumi na moja, na alitaka mkanda wa kimoja ufupishwe. Alimkaribisha Theuri ndani, akamwekea chai yenye maziwa mengi, akamwonyesha. Viondo vilikuwa ukutani. Vyote kumi na moja, vimepangwa kuanzia kikubwa hadi kidogo, viwili vikiwa na nyasi kavu ndani. Mkanda ule ulitakiwa ufupishwe kwa sababu kiondo kimoja kilikuwa kikining'inia chini kuliko wenzake.

Theuri alikishusha, akaugeuza mkanda. Kila akikata ngozi huchora mstari wa penseli upande wa ndani, mshono usije ukapotea njia. Mstari huo haumalizi mwezi kwa mtu anayebeba, kwani jasho la kiganja huufuta. Hapa ulikuwepo bado, kama alivyouchora. Akageuza cha pili, akageuza cha tatu. Mistari yake yote ilikuwa pale.

"Hizi hubebi, mama?"

"Woi, hapana! Ni kazi nzuri sana hii, nitaichafua ya nini?" Aliyasema hayo kwa moyo mweupe kabisa. Wakati huo huo boda boda ikapiga honi langoni, na mama akatoka kupokea sukuma na nyanya zake, ndani ya mfuko wa kitambaa rahisi.

Theuri aliufupisha mkanda, akamaliza chai, akashukuru. Lakini akiteremka kurudi mjini aliumia, na aliumia zaidi kwa kuwa hakuwa na wa kumlaumu. Alikuwa amesifiwa. Kwa miaka minne alijivuna kwamba mshono wake haukatiki, kumbe haukuwa umepewa nafasi ya kukatika.

Ijumaa alipita dukani. "Sapna, hizo mia ine, ngapi ziko kwa ukuta?"

Sapna hakukasirika. Aliweka chini sabuni aliyokuwa akipanga, akafikiri. "Sijui, Fundi. Wengine wanabeba, wengine wanaweka. Lakini wote walinunua, na wewe ulilipwa. Ya ukuta pia ni kazi."

"Na ukuta ikijaa?"

"Wapya watakuja."

"Wasipokuja?"

"Hapo tutaona," Sapna akasema, na alikuwa mkweli. Theuri aliondoka na neno hilo. Tutaona ni neno la mtu mwenye duka la mabati nyuma yake. Yeye nyuma yake palikuwa na kibanda, na ndicho alichotakiwa kukitoa.

Jumamosi asubuhi Gatimu alifika mapema, ana kitambaa na kichupa cha mafuta, akaanza kuifuta mashine kama mtu anayemsafisha farasi wake mwenyewe. Theuri alimtazama tu. Hakuwa ameamua. Usiku kucha mawazo yalikuwa yamemzungusha, na chumba cha nyuma ya duka bado kilimvuta, kwa sababu kilikuwa na dirisha na sakafu ya simiti, na goti lake la kushoto halikuipenda tena baridi ya Julai.

Ndipo akatokea msichana mmoja, mrefu, mwenye kitambulisho cha kaunti shingoni, kiondo amekikumbatia kama mtoto mgonjwa. "Fundi wa hii ni nani? Nimeambiwa ni hapa."

"Ni mimi. Unaitwa nani?"

"Wendy. Na mayai yangu yote imevunjika hapo kwa ngazi ya soko, sababu ya mkanda yako!"

Theuri alikipokea. Ngozi ilikuwa nyeusi na laini, inang'aa kwa mafuta ya mkono. Ndani mlinuka vitunguu, omena na sabuni ya kufulia, na sasa mayai. Akaugeuza mkanda kutafuta penseli. Haikuwepo hata dalili. Badala yake, pale vidole vya msichana huyu vilipozoea kushika, ngozi ilikuwa imechimbika mfereji mdogo. Theuri akaupitishia kidole. Alikuwa hajagusa kitu cha namna ile tangu wamzike mama yake.

"Ulinunua wapi?"

"Kwa Sapna, miaka mbili imeisha. Wasichana wote wa ofisi walikuwa nazo, nikaona nisiachwe nyuma."

"Na hao wengine, bado wanabeba?"

"Wengi waliacha. Tumebaki kama watatu. Mimi nilizoea tu. Ukizoea kiondo, hiyo mifuko ingine inakukasirisha." Akamkazia macho. "Lakini mbona unauliza maswali mingi? Mayai yangu je?"

Watatu. Si wengi wa kumfanya mtu auze mashine. Lakini hawakuwa ukutani, na mikanda yao ingekatika, na ikikatika wangeitafuta meza iliyo njiani, kando ya soko, si chumba cha nyuma ya duka la mabati.

"Gatimu, wacha mashine," Theuri akasema.

"Ati nini?"

"Siuzi. Sapna nitamshonea mikanda nikiwa hapa hapa. Na viatu pia."

Gatimu alisimama na kitambaa chake, mashine ikimeremeta kuliko ilivyowahi kumeremeta mikononi mwa mwenyewe, akaguna, akabeba kichupa chake cha mafuta akaondoka. Theuri akainama chini ya meza, akatoa kiondo cha Warigia kilichokuwa kimefichwa huko tangu Jumatano, akakiweka juu, mahali kila apitaye angekiona. Kando yake akakiweka cha Wendy. Kisha akatia uzi kwenye sindano huku akitabasamu peke yake.

"Kumbe unanicheka?" Wendy akauliza.

"Sikucheki, mama. Pole kwa mayai. Keti hapo, hii nashona bure."

Aliketi, amenuna, akamtazama akishona. Theuri alivuta kila mshono mara mbili, akakata uzi, akamkabidhi. Wendy aliuvuta mkanda kwa nguvu zake zote, kwa mashaka.

"Sasa hii itakatika tena?"

"Ukiwa unabeba, itakatika," Theuri akamwambia. "Uniletee."