Bahari Niliyomwambia Baba

Wazazi wangu waligombana juu ya bahari miaka yote ninayoikumbuka, na sisi tulikuwa watu wa Kitale, ambako maji makubwa tuliyoyajua ni ya mvua ya Aprili.

Baba alizaliwa Vanga, kule pwani Kenya inakoishia mpakani na Tanzania. Alipanda huku bara akiwa kijana kushona kanzu na sare za shule. Alisema atakaa msimu mmoja tu, akakaa mpaka mauti. Kibanda chake, mbele ya nyumba yetu, kilikuwa hatua chache kutoka msikitini, na ukikaa barazani pake asubuhi kabla mawingu hayajapanda, Mlima Elgon ulikuwa mbele yako wote. Baba aliutazama huku akitunga uzi kwenye sindano, na mteja yeyote asiyekuwa na haraka aliambiwa neno lile lile: mtu akisimama kileleni siku yenye jua, ataiona bahari.

Mama ni wa Misikhu, huku huku bara. Alisilimu alipoolewa, lakini ulimi wake haukuhama kwao. Akimsikia baba ameanza, alipaza sauti kutoka nyuma, alikokuwa akipika chai: "Ati bahali! Baba watoto, ukisimama huko utaona Misikhu. Utaona mama yangu akianika mahindi. Bahali itoke wapi bana?"

"Huwezi kuiona na hata jina lake hulijui. Sema bahari."

"Si nimesema? Bahali."

Hapo baba aliacha cherehani, akacheka mpaka akafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mtu. Mama naye alijifanya amekasirika. Nilikulia ndani ya mzaha huo na kwa muda mrefu nilidhani kila nyumba ina wake.

Nilipofika kidato cha pili nilijua ukweli. Nilichukua atlasi na rula, nikapima kutoka mlimani hadi pwani, nikamwendea baba kifua mbele. Nchi nzima iko katikati, nilimwambia, na dunia ni mviringo. Aliitazama rula yangu, akasema, "Huyo aliyechora alikuwa amekaa ofisini." Kisha akaniomba nimshikie pindo. Leo mimi ni mwalimu wa jiografia Bungoma, na kila mwaka nikifundisha upeo wa macho namkumbuka na pindo lake.

Mwaka jana figo zake zilikataa kazi. Akawa anapelekwa hospitali kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, na mtu aliyekuwa akibeba jora zima la kitambaa begani akawa anashikwa mkono kwenda msalani. Kanzu ya mwisho aliyoikata ilibaki mezani bila mikono. Hakuna aliyethubutu kuiondoa.

Likizo ya Desemba, walimu wenzangu wa Bungoma walipanga kupanda mlima kupitia Kapsokwony. Walikuwa wamenihesabu tangu Agosti. Nilikuwa nimeshaamua kutokwenda, na nilimwambia baba hivyo nikidhani nampa habari njema.

"Nenda," akasema.

"Baba, na wewe ukiwa hivi?"

"Hivi nilivyo ndiyo sababu, mwanangu. Magoti haya hayafiki hata sokoni. Nenda ukaniangalizie."

"Nikuangalizie nini?"

Alitazama mlango, akahakikisha mama yuko jikoni, akashusha sauti. "Unajua vizuri. Kodoa macho upande jua linakotokea. Na usiniletee habari za rula."

Nikacheka. Yeye hakucheka, na hapo nilielewa kwamba hakuwa akitania hata siku moja ya maisha yake. Mama ndiye aliyekuwa akitania. Baba alikuwa akitamani kwao. Akaniapisha nisimwambie mama kwamba yeye ndiye aliyenituma, maana angemcheka, na safari hii hakuwa na nguvu ya kuchekwa.

Kwa hiyo mama aliponiona nafunga mkoba, sikuwa na la kujitetea. "Baba yako amelala hapo," akasema, "na wewe unaenda kupanda milima kama mzungu." Alisema mara moja tu, akarudi kwenye sufuria yake. Mimi nina hasira za karibu, nikaondoka bila kumuaga vizuri. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu. Baba alikuwa amesafishwa Jumanne, Ijumaa kaka yangu angempeleka tena, alikuwa anakula, tena alikuwa ameuliza bei ya vitunguu. Alhamisi hadi Jumapili, niliona siku nne si kitu.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Kapsokwony aliyetembea na gumboti mahali sisi tuliteleza na viatu vya bei. Tulipita msitu, tukaingia kwenye mianzi, na hapo akasimama.

"Madam, na nyinyi wote, zimeni simu hapa," akasema. "Huko juu zinashika mtandao ya Uganda. Kredo inaisha hivi hivi, hujapigia mtu. Na baridi inamaliza chaji. Si mnataka picha kule juu?"

Kila anayeishi kando ya mpaka huu anaujua ujanja huo, na hata mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza angekuelezea. Tukazima simu pale kwenye mianzi kama watu wanaovua viatu mlangoni mwa msikiti, na mimi nilikuwa wa kwanza. Sikuuliza kama iko sehemu mbele ambapo mtandao wetu unarudi. Iko. Nimeuliza baadaye, nikaambiwa kuna kilima kizima, tulikaa pale tukila ndizi Ijumaa mchana.

Njia ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniuma kulisema. Nilifurahi. Juu ya msitu nchi inafunguka, nyasi ngumu na mimea mirefu iliyosimama mmoja mmoja ikiwa imevaa majani yake makavu kama kanzu kuukuu, na nilijisemea nitamweleza baba hiyo, yeye fundi, atafurahi. Tulilala kwenye mahema siku mbili. Nilimwombea kila sala, nikipunguza rakaa kama msafiri, kichwa changu kimejaa maneno nitakayomwambia.

Jumamosi asubuhi tukafika ukingoni, pale mlima unapobonyea katikati kama bakuli na upande wa pili ni Uganda. Wenzangu walikuwa wanapiga picha, mguu mmoja Kenya mwingine Uganda. Mimi nikageukia mashariki, nikakodoa macho kama nilivyoagizwa.

Kulikuwa na ukungu. Hakukuwa na vilima vya Cherangani wala Kitale. Hata Kapsokwony tuliyotoka haikuwepo. Ukungu ulianzia miguuni pangu ukaenda mpaka mwisho wa macho, mweupe, haukusogea. Nilisubiri mpaka kiongozi akaanza kupuliza vidole. Haukufunguka.

Nikawasha simu, nikazima mtandao, nikabonyeza kurekodi. Mimi mwenye rula nikasema hivi: "Baba, nimefika. Naangalia jua linakotokea, kama ulivyosema. Naiona, baba. Iko mbali sana, ni mstari tu wa bluu, lakini ni yenyewe. Usimwambie mama kwanza. Nikifika tutamwambia pamoja." Nikabonyeza kutuma. Kijisaa kidogo kikabaki pembeni ya ujumbe kikisubiri mtandao, nikazima simu nikashuka na moyo mwepesi. Sijawahi kusema uongo nikafurahi vile.

Jumapili kwenye ile mianzi tukawasha simu na mtandao. Yangu ilitetemeka mkononi muda mrefu hata wenzangu wakanitania kwamba nina watu. Jumbe zilikuwa za kaka yangu, zimepangana. Baba kazidiwa, piga. Uko wapi? Baba anakuulizia. Kisha ya Ijumaa alfajiri: Inna lillahi. Kisha: Mama anasema tukungoje. Kisha: Imamu anauliza. Nimemtuma mtu wa boda mpaka Kapsokwony, anasema pikipiki haifiki mliko. Mama amekataa baba afunikwe uso kabla hujafika. Kisha: Tumekungoja mpaka alasiri. Ya mwisho ilikuwa na neno moja: Tumemzika.

Chini ya hizo, kile kijisaa changu kilikuwa kimegeuka alama mbili. Ujumbe wangu ulikuwa umefika.

Kwetu maiti hacheleweshwi. Wanawake hatuendi makaburini, tunamuaga mtu nyumbani kabla uso haujafunikwa, na hiyo ndiyo nafasi yako, haina nyingine. Wangeweza kuzika baada ya sala ya Ijumaa, msikiti ukiwa umejaa. Waliniongezea mpaka alasiri, wakati mimi niko kwenye kile kilima natafuna ndizi.

Kaka alinifungulia mlango akanipisha bila kunigusa. Mama alikuwa ameshakaa eda, kwenye mkeka, simu ya baba mapajani. Nilianguka mbele yake, nikalia nikasema nisamehe. Aliniwekea mkono kichwani kama mgeni anavyowekewa, akauondoa. "Umekula?" akauliza. Hakuniuliza kitu kingine siku sita. Ningeweza kumwambia kwamba baba ndiye aliyenituma. Nilikuwa nimeapa, na aliyeniapisha hayupo tena wa kunifungulia kiapo, nami niliona ni kama kumsingizia maiti ili mimi nitoke safi. Nikaosha vyombo. Nikapokea wageni. Nilisikia shangazi mmoja akisema, "Ndiye huyo wa mlimani," nikamwongezea chai.

Siku ya saba, mchana, watu wamepungua, nilikuwa jikoni nachambua mchele. Nikasikia upepo ukivuma chumbani, kisha sauti yangu mwenyewe ndani ya upepo huo. Baba, nimefika. Nilisimama na ungo mkononi. Sauti ikaendelea mpaka mwisho, mpaka kwenye lile la kumwambia mama pamoja. Kisha ikaanza tena.

Ilipokwisha mara ya tatu aliniita. Nikaenda nikakaa ukingoni mwa mkeka. Macho yake hayakuwa ya hasira.

"Ni yeye alikutuma?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na hukusema."

"Alikataza. Alisema utamcheka."

Aliinamia ile simu, akaifuta kioo kwa upande wa leso, polepole, kikiwa hakina uchafu wowote. Mlango ulikuwa wazi na kanzu isiyo na mikono ilikuwa bado mezani kule mbele.

"Nilimcheka miaka hiyo yote," akasema. Kisha akaniinulia uso. "Kweli uliiona bahali?"

Sote wawili tulinyamaza pale pale, bila kupanga, tukisubiri kicheko kitoke kibandani.

"Niliiona, mama."

"Basi ameshinda," akasema, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu nirudi. "Ameshinda, na hayuko wa kunicheka."