Kuku Mzima

Watu wa Kanoni wakikwambia kwamba Speciose ni mwanamke wa kuchagua chakula, usiwaamini upesi. Huyu alikulia Nyaishozi kwa mzee Karekezi, nyumba ya watoto wengi na sufuria moja, ambapo aliyechelewa alilamba mwiko. Alikula maharage ya jana bila kuuliza, akala ndizi zilizoshika chini, akamaliza darasa la saba, akaolewa na Projest wa Kanoni, akaendelea kula kilichopo. Mimba ya kwanza, ya Theoneste, haikumsumbua hata kidogo. Alichuma kahawa mpaka wiki ya kujifungua.

Ni hii ya pili iliyomgeuza. Hii ilikuja na pua yake. Harufu ya ebitoke vikichemka, zile ndizi za kupika alizokulia, ilimtoa jikoni mbio, kanga mdomoni. Maharage yalimnukia udongo. Dagaa hata wasitajwe. Maziwa yalipanda kwa njia ileile yaliyoshukia. Mwezi wa sita ukamkuta mikono imekonda kama mpini wa jembe, na tumbo dogo lisilolingana na miezi yake.

Asubuhi ile kliniki ya Kayanga, nesi alimvuta kope ya chini, akatazama, akaguna.

"Mama, damu yako iko chini, na mtoto hakui inavyotakiwa. Kula. Chochote kitakachokaa tumboni, kula. Ukirudi hivi tena, tunakulaza."

Walipotoka nje Projest aliegemea baiskeli yake, akamwangalia mkewe.

"Mama Theo, niambie ukweli. Hakuna kitu hata kimoja unachokitamani?"

Kilikuwepo. Speciose alikificha kama mtu anavyoficha aibu.

"Kuku," akasema, macho chini. "Wa kukaanga. Ngozi iwe kavu, ile inayolia ukiitafuna."

Projest akatazama nyuma, utadhani mama yake amesimama pale. Mama yake, bibi Auleria, ni Mnyambo wa zile enzi. Nyumbani kwake kuku ni wa wanaume. Wanawake hunyonyoa, hupika, na huosha sahani. "Mwenye mimba akila kuku," husema, "mtoto atazaliwa anaparura." Mara moja Speciose alithubutu kumwomba, kuku mmoja alipovunjika mguu. Bibi alimjibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, hata njaa ina adabu zake." Kuku akaliwa na shemeji.

"Mama hayupo hapa," Projest akasema mwishowe. "Panda, tukamtafute huyo kuku."

Hoteli ya kwanza ilikuwa karibu na stendi. Vipande vya kuku vilipangwa ndani ya kabati la kioo lenye taa, vikang'aa kwa mbali kama vitu vya harusi. Speciose akasogea. Ndani ya kioo nzi alikuwa anatembea juu ya paja, hana haraka, kama mwenye shamba lake. Pembeni karai lilikuwa linatokota mafuta meusi ti, mazito, yenye povu la kahawia, kama oili iliyomwagwa kutoka kwenye lori. Mkaangaji akatumbukiza kipande cha jana, akakitoa, akapangusa jasho la shingo kwa kitambaa, kisha kwa kitambaa hichohicho akapangusa sahani.

"Karibu dada! Kifua au paja?"

Harufu ya mafuta yaliyochacha ikamwingia puani, ikashuka mpaka kooni, ikagota. Speciose akajiziba mdomo kwa kanga. Alitoka akatapikia mtaroni, huku mkaangaji akimpigia kelele kwamba anamfukuzia wateja.

"Labda tuache," akasema Projest, akimshika mgongo.

"Nikiacha, nile nini?"

Projest akaishika baiskeli, wakaendelea mbele.

Pa pili palipendeza. Meza zina vitambaa vya plastiki vyenye maua, sakafu imepigwa deki, na mwenyewe, bwana Xaveri, mwanaume wa kitambi na shati jeupe, alikuwa akizunguka akiwapa watu mkono. Speciose alikaa karibu na dirisha. Akili yake bado ilikuwa kwenye kile kipande cha jana. Binti mhudumu alipokuja, akamwambia polepole, kwa msisitizo:

"Mdogo wangu, naomba kuku. Lakini tafadhali, awe mzima."

"Mzima?" Binti akamtazama alivyokonda. "Sawa, dada."

Projest akaupapasa mfuko wake wa pesa. Siku hiyo hakutaka kumkatalia kitu.

Walikaa sana. Kisha binti akaja na sinia mikono miwili, akalitua mezani. Kuku alikuwa amelala chali, kamili, miguu imekunjwa. Na kwa vile ameagizwa mzima, huko jikoni walimwacha hata na shingo na kichwa chake, jicho limevimba kwa mafuta, mdomo wazi kidogo. Nyanya mbili zimewekwa ubavuni kama pambo.

"Huyu wote ni wetu?" Speciose akanong'ona.

"Si umesema mzima?" Projest naye akanong'ona, na tayari ameshika paja.

Lakini jicho la Speciose lilikuwa limekwama shingoni. Maisha yake yote alinyonyoa kuku ambao hakuwala, na anajua shingo ya kuku kama anavyojua kidole chake. Akaigeuza kwa ncha ya uma. Upande huu, ngozi nzima. Upande ule, ngozi nzima. Hapakuwa na alama ya kisu, hata mkwaruzo.

"Baba Theo. Acha hilo paja."

"Kwa nini?"

"Livunje. Usile, livunje tu."

Projest akalivunja. Kwenye kiungo damu ilikuwa imeganda, nyeusi, nene kama ugoro uliolowa, na harufu iliyotoka haikuwa ya kuungua wala ya viungo. Ilikuwa ya kitu kilichokufa chenyewe.

Projest akaufuta mkono wake kwenye kitambaa cha meza, akaufuta tena kwenye suruali, akaendelea kuufuta.

"Kuna tatizo, mama?" Xaveri alishafika, tabasamu mbele.

"Huyu kuku hakuchinjwa," Speciose akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini meza za jirani zilinyamaza kumsikiliza. "Huyu ni kibudu."

"Kibudu! Mama, chunga mdomo wako. Umeagiza kuku mzima, nimekuletea kuku mzima. Sasa unataka nini?"

"Nilisema mzima, kaka yangu. Mzima wa afya. Aliyekuwa anatembea. Wewe umeniletea maiti kamili."

Mzee mmoja meza ya pili aliangua kicheko, kisha kicheko kikamkatikia kooni. Alikuwa ameshika bawa. Akalitazama. Akalirudisha sahanini taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Xaveri," akauliza, "wale kuku waliokufa juzi kwenye lori la yule mfanyabiashara... walienda wapi?"

"Mzee Rwegasira, na wewe! Unasikiliza wanawake wenye mimba? Mimba ndiyo inayoona hayo!"

"Mimba siyo iliyomuua huyu kuku," akasema mzee Rwegasira, akasukuma kiti.

Kijana aliyekaa kona alitema ndani ya mkono wake. Mwingine akaondoka na kofia mkononi. Xaveri alitaka kuzungumzia malipo, akaona meza zinavyosimama moja baada ya nyingine, akalibeba sinia mwenyewe kulirudisha jikoni, kile kichwa kikitikisika ukingoni.

Barabarani mzee Rwegasira aliwakuta wamesimama. Alikuwa bado anasafisha meno kwa ulimi, amekunja uso.

"Binti, nenda kwa Mwaja, nyuma ya msikiti. Kwake kuku mnasalimiana kwanza, ndipo unamla."

Mwaja ni mama mtu mzima. Babu yake alikuja huku na biashara ya chumvi kutoka pwani. Hukaangia barazani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mbona umepauka hivi, mwanangu? Keti. Chagua."

Kuku walikuwa ndani ya tenga, wanagombana. Speciose akamchagua jogoo mwekundu aliyemdonoa kidole. Mzee Abdulatifu, mume wa Mwaja, akamchukua, akamwelekeza kibla, akasema bismillahi na kisu kikapita. Hapo palikuwa pazuri. Ila ilipofika ndoo ya maji ya moto, shombo la manyoya mabichi lilipanda kama mvuke wa zizi, na Speciose akakimbilia ukutani. Tumboni hapakuwa na kitu, akatapika nyongo ya manjano mpaka machozi yakamtoka.

Projest akakaa chini, kichwa mikononi. "Basi. Hata huyu amemshinda."

"Wewe mwanaume, usimzike mkeo hapa barazani kwangu," Mwaja akamkemea. Akakata ndimu, akampa Speciose nusu. "Nusa hii. Kaa upande upepo unapotoka. Manyoya yana mwisho, mwanangu."

Alikaa na ndimu puani kama mtoto na kidole. Akasikia mafuta mapya yakilia, mepesi, karai zima likiimba. Akashusha ndimu kidogo. Akaipandisha. Akaishusha tena, na safari hii hakuirudisha.

Mwaja akaleta sahani: mapaja, mabawa, ngozi ya rangi ya udongo mwekundu, chumvi na pilipili pembeni. Akaitafuta firigisi kwa kijiko, akaisogeza mbele ya Projest kama desturi inavyotaka. "Hii ya baba."

Mkono wa Speciose ukawahi.

Mwaja akabaki na kijiko hewani. Speciose akatafuna firigisi ya mumewe, ngumu kidogo, yenye chumvi, akaimeza, kisha akafumba macho akisubiri. Wale wengine watatu nao walisubiri, hata mzee Abdulatifu akaacha kuosha kisu.

Tumbo halikusema kitu.

"Lete na paja," akasema Speciose.