Karatasi ya kujisifu iliyonipa ufundi wa kuchomelea

Wakuu, salamu toka Lubumbashi. Kiswahili changu ni cha huku, mutanivumilia. Shule niliachia darasa la nne, lakini pita commune ya Kenya, mtaa wa hapa mjini, uulize mageti mazuri ni ya nani! Hii nasimulia ni yangu mwenyewe, sikusikia kwa mtu.

Ni enzi za Zaire, za Chama kimoja. Nilikuwa msaidizi wa mafundi wa kuchomelea kwenye kampuni ya shaba. Mtihani wa ufundi nilishaanguka mara mbili, na wala si kwa mikono!

Chef, yaani mkubwa wa karakana, aliuliza tu, "Citoyen," maana wote tuliitwa raia wakati ule, "weye unajua nini?"

Mimi macho kwenye viatu, naye anaandika: ameanguka.

Ukianguka mara ya tatu, kazi basi, na nyumba ya kambi ya kampuni unarudisha. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza.

Ndiye alinituma kwa Mama Régine, assistante sociale wa kambi, mama wa kusikiliza watu na shida zao.

Nikagoma, mimi mwanaume nikakae na wanawake? "Kule ni kwa banamuke!"

"Banamuke banajua kusema. Bubu ni weye. Enda!"

Nikaenda.

Mama Régine akanipa karatasi ya wino wa zambarau, imetoka mashine ya kunakili, bado inanuka spiriti. Juu imeandikwa: Mambo ninayojivunia. Chini, mistari kumi mitupu.

Wakuu, nilijaza yote kumi! Wakati ule karatasi ya ofisi kila mtu alijua inavyojazwa. Najivunia Chama. Najivunia Guide wetu, Rais. Najivunia shaba ya taifa. Mpaka bendera niliiweka.

Mama akasoma, akaenda kufunga mlango kwanza, ndipo akacheka mpaka akavua miwani.

"Baba, hii karatasi ni ya nani?"

"Ni yangu, Mama."

"Mbona weye hauko ndani, hata mustari moja? Anza tena. Andika kitu mikono yako ilifanya."

Nusu saa nzima! Mwisho nikaandika: Nilichomelea baiskeli ya muuza makala, yale makaa ya kupikia. Inabeba magunia manne.

"Simama, usome. Sauti!"

Kila wiki karatasi mpya, kila wiki nasoma nimesimama. Wiki ya sita alinisikia mpaka mlinzi wa nje.

Siku ya mtihani, chef: "Tena weye? Unajua nini?"

"Baiskeli ya ule muzee wa makala anapitaka hapa kila asubui, ni miye niliichomelea. Mukaipime!"

Karakana nzima ikageukia barabara. Mzee akapita na magunia yake, chef akamsimamisha, akainama, akagonga kiungo kwa nyundo. Mara tatu.

"Nani alikufundisha?"

Wakuu, kidogo tu niseme Chama!

"Nilijifundisha, chef."

Akanirushia kinyago cha kuchomelea. "Vaa, tuone."

Nilitoka pale fundi! Mtoto wetu alizaliwa nyumba ileile ya kambi.

Nilichojifunza: mtu anaweza kuwa na mikono ya dhahabu na asijue, mpaka amwambie mtu kwa mdomo wake. Leo kila anayekuja kujifunza kwangu anapewa karatasi kabla ya nyundo.

Sasa nanyi, andikeni hapa chini kitu kimoja mikono yenu ilifanya. Atakayemsifu mtu mwingine, namrudishia karatasi yake!