Rangi Nyekundu Kwenye Kisima cha Akko

Haya yalitokea. Nasema mapema kwa sababu mimi si mtu wa kuongea. Mwalimu akiniuliza swali darasani, jirani yangu wa deski ndiye hunijibia. Kama ningetaka kutunga uongo, ningetunga ulio mfupi kuliko huu.

Naishi na Akko, nyanya yangu, nje kidogo ya mji wa Isiolo, upande ambao watu wamegeuza malisho kuwa mashamba ya vitunguu. Kisima chetu kiko nyuma ya nyumba. Tunakunywa sisi, mbuzi wanakunywa, na majirani wanakuja na mitungi. Shamba la Abuya, mjomba wangu, liko juu kidogo ya kisima, hatua arubaini hivi. Msimu huu magugu yalimshinda, akanunua dawa ya kuyaua. Alikuwa aipige Jumamosi.

Na mimi ndiye niliyemwambia hakuna shida. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mradi wangu wa sayansi shuleni ulikuwa huo huo: dawa ya shambani inateremkaje kwenye udongo mpaka ifikie maji ya chini? Nilichimba udongo shambani kwa Abuya, tabaka kwa tabaka, nikaujaza kwenye paipu ya plastiki yenye urefu kama wangu, kwa mpangilio ule ule. Mweusi juu, halafu wa kahawia, halafu changarawe. Madam wa Kemia alikataa nitumie dawa yenyewe, kwa hivyo nilitumia maji yenye rangi nyekundu ya chakula. Nilimwaga juu, nikawa naangalia chini kila asubuhi. Siku ya kumi na moja tone la kwanza likatoka, la waridi kidogo tu. Nikapiga hesabu: kina cha kisima, mvua zetu hizi za kubahatisha, udongo unavyoshika dawa na dawa inavyooza njiani. Jibu likatoka kwamba ingechukua miaka mingi, na ingefika ikiwa haina nguvu tena.

"Kumbe huyu bubu ana akili!" Abuya akasema, shavu limejaa miraa. "Basi Jumamosi napiga."

Ijumaa adhuhuri wanaume wote walikuwa msikitini. Akko alikuwa amelala. Nilienda shambani kuchukua udongo wa mwisho, mkononi chupa tupu ya jemu ya kuutilia na chupa yangu ya rangi. Unajua wazee husema jua likiwa utosini si saa ya mtoto kuzurura peke yake? Nilijua. Nikaenda tu.

Katikati ya vitunguu alisimama mzee. Niamini, sikumwona akija. Nguo yake ilikuwa imelowa mpaka kifuani, tope mpaka kwenye viwiko, na begani ndoo ya ngozi, ile ya zamani ambayo mimi huisikia kwenye hadithi za Akko tu. Mvua ilikuwa haijanyesha miezi miwili. Sasa mtu analowa vipi kwenye shamba kavu?

"Salaam aleikum, Abba," nikasema kwa sauti yangu hii ya mbu, nikimwita baba kama tunavyowaita wazee wetu.

Hakuitikia. "Zamu ya nani?"

"Zamu gani, Abba?"

"Ya kunywa. Mifugo yako iko wapi?" Akaangalia vitunguu. "Hawa wa kijani ndio wako? Mbona hawatembei?"

Ningecheka kama baridi haingekuwa imeniingia shingoni. Badala yake, na sijui ni kwa nini, nilimweleza kila kitu. Mimi! Paipu, tabaka, siku kumi na moja, miaka. Alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama mtu anayesikiliza ngoma ya mbali. Nilipomaliza aliniuliza swali ambalo Madam hakuniuliza.

"Kwenye hiyo paipu yako, mimi niko wapi?"

"Sijui, Abba."

Akagusa ardhi kwa kidole cha mguu. "Mwaga hapa."

Nikamwaga chupa nzima. Kwa kawaida maji husimama kidogo juu kabla ya kuzama. Haya hayakusimama. Yaliingia kama yamenyonywa, na chini kabisa, mbali, nikasikia chubwi. Nikainua macho. Vitunguu na jua, basi.

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia. Hata mimi miguu ilitaka. Lakini pale aliposimama palikuwa na nyayo mbili za unyevu, na nilikuwa na rula. Nikapima. Ndiyo, nilipima: sentimita ishirini na saba, vidole vyote vipo. Nikachota udongo wa unyayo mmoja nikautia kwenye chupa ya jemu. Hapo ndipo nilipokimbia.

Saa tisa Akko alivuta maji. Nikasikia kelele: "Nani amechinja ndani ya kisima?"

Ndoo ilikuwa na maji ya waridi.

Abuya na majirani wakaja. Mmoja akasema ni laana, mwingine akasema ni utundu wa watoto wa mtaa wa chini. Sijawahi kusema mbele ya watu zaidi ya watatu. Hapo walikuwa kama kumi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimwaga rangi shambani saa saba. Saa tisa iko hapa. Ingekuwa dawa, tungekuwa tumeshainywa. Hesabu yangu ni mbaya, Abuya. Usipige." Halafu nikawaeleza kuhusu yule mzee.

"Jua limempiga huyu," Abuya akacheka.

Akko hakucheka. "Alikuwa na ndoo ya ngozi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaketi chini pale pale. Alisema zamani kulikuwa na kisima pale juu, na mzee aliyepanga zamu za kunywesha mifugo, *abba herega*, yaani baba wa zamu. Siku moja mzee huyo alishuka kutoa tope, kuta zikamwangukia. Walishindwa kumtoa, wakamsomea dua, wakajaza shimo kwa samadi, matawi na mawe. Akko alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mama yake ndiye aliyemsimulia. Baadaye nyasi zikaota, na miaka ikapita, na trekta ya Abuya ikasawazisha.

"Mbona hukuniambia?" Abuya akauliza.

"Uliniuliza?"

Abuya alichukua chuma kirefu akaenda kuchoma ardhi pale nilipomwonyesha. Kiliingia chote, kikamponyoka. Tulingoja. Hatukukisikia kikifika chini. Kicheko kiliishia hapo. Matawi na samadi vilishaoza kitambo, njia ikabaki ya kushuka moja kwa moja mpaka kwenye maji ya kisima chetu, na paipu yangu haikuwa nayo.

Dawa ilirudishwa dukani. Mahali pale tumezungushia miiba. Abuya anapalilia kwa jembe na kila asubuhi ananitukana: "Wewe na babu yako wa tope, njooni mnisaidie!" Kwenye mashindano ya sayansi mwamuzi aliniuliza nilijuaje pa kumwaga. Nikasema ukweli. Sikupata nafasi yoyote.

Lakini ile chupa ya jemu ninayo. Nimeiweka dirishani, kifuniko wazi, juani. Kila Ijumaa naipima kwenye mizani ya maabara. Miezi imepita na udongo bado umelowa. Uzito haujapungua hata gramu moja. Nimetafuta sababu kwenye kila kitabu nilichonacho. Ukiipata, niambie.

Na wewe mwenye pampu ya dawa mgongoni, usiamini paipu yangu, wala ya mtu mwingine. Kabla hujafungua chupa, mtafute aliye mzee kuliko wote hapo kwenu, umuulize kulikuwa na nini chini. Na kama adhuhuri moja mtu aliyelowa atakuuliza yuko wapi kwenye hesabu yako, usimjibu haraka. Mwaga maji safi anapokuonyesha, kisha nenda kisimani ukasikilize kama yamefika.