Kigari Kisichovuka Reli

Mara ya kwanza Taisiya kukiona kile kigari alikuwa dirishani, ghorofa ya tatu ya hospitali ya wazazi, mtoto mkononi na nyuzi za upasuaji bado mbichi tumboni. Chini kwenye theluji alisimama mumewe, Gleb. Kina baba wa Barabinsk, mji wa Siberia, hawaruhusiwi kupanda wodini siku za kwanza, kwa hiyo huja kusimama chini ya madirisha na kupiga makelele. Wenzake walileta maputo. Gleb alileta kigari cha mtoto, ili mkewe akione afurahi.

Kilikuwa cha rangi ya maziwa, na kilikuwa kizuri, hakuna wa kubisha. Lakini magurudumu yake yalikuwa ya plastiki, madogo kama visahani vya vikombe vya chai, na yale mawili ya mbele yalijizungusha huku na huku yalivyotaka yenyewe. Gleb akakisukuma kuonyesha. Kikaenda hatua moja, pua ikazama kwenye theluji, nyuma kukainuka.

"Siyo hicho!" Taisiya alipiga kelele kwenye kioo. "Gleb! Siyo hicho!"

Gleb akatega sikio kwa mkono, hakusikia kitu, akacheka, akamtupia busu. Muuguzi akaja kumwambia Taisiya kwamba mzazi mpya hapaswi kupandisha hasira, maziwa yatakauka. Taisiya akamjibu kwamba yakikauka wakamdai yule pale chini.

Ungeweza kumdanganya Taisiya kuhusu nyama, kuhusu nguo, hata kuhusu wanaume, kama itakavyoonekana. Kuhusu magurudumu na theluji usingemweza. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mgawa barua wa posta, akivuta kikokoteni cha magazeti, pensheni na vifurushi kutoka nyumba hadi nyumba, baridi ikiwa nyuzi thelathini chini ya sifuri. Vikokoteni vitatu vilimfia njiani. Alijua kwamba gurudumu dogo huchimba mahali ambapo kubwa hupanda, na kwamba plastiki ikishapigwa na baridi ya Januari huvunjika kama biskuti. Gurudumu la kujizungusha ndilo alilolichukia kuliko yote, maana likishika barafu hugoma kabisa. Katika nyumba aliyoolewa hakuna aliyejua zaidi yake, na hakuna aliyemuuliza.

Angekinunua mwenyewe, lakini kwao kitu cha mtoto hakiingii nyumbani kabla mtoto hajazaliwa, hata soksi. Wanasema ni kumwita shetani. Kwa hiyo alipokuwa na mimba ya miezi saba alikwenda dukani na Gleb, kuangalia tu. Akavisukuma vigari vyote mpaka mlangoni na kurudi. Akachagua kimoja cha kijani, kizito, chenye kitanda kirefu, springi ngumu na magurudumu makubwa ya kujaza upepo. Akakigonga kwa kidole.

"Hiki. Nikijifungua tu, uje ununue hiki."

Gleb akaitikia. Gleb huitikia kila kitu.

"Kile cha kijani kiliisha," alisema siku ya kumrudisha nyumbani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama yake, Raisa Lvovna, ghorofa ya chini, karibu na kituo cha treni.

"Na hiki ni cha kisasa," Raisa Lvovna akadakia. "Ukipita nacho madukani kila mtu atageuka."

"Mimi siendi madukani, mama. Mimi naenda kwa mama yangu."

Hapo ndipo penyewe. Mama yake Taisiya, Kapitolina, aliishi ng'ambo ya reli, kilomita tatu, katika nyumba ya mbao yenye jiko la makaa ya mawe. Mwezi wa Oktoba alianguka kwenye barafu akavunjika nyonga, na sasa kwa magongo yake alifika getini tu. Basi la upande ule liliondolewa zamani. Teksi nazo, theluji ikijaa, humshusha mtu relini na kugeuza. Daktari alikuwa amemkataza Taisiya kubeba chochote kizito kwa miezi miwili, na mtoto wa majira ya baridi, akishafungwa mablanketi na ngozi ya kondoo, ana uzito wa gunia. Bila kigari kinachovuka theluji, Kapitolina asingemwona mjukuu wake wa kwanza mpaka barafu iyeyuke mwezi wa Aprili.

Raisa Lvovna alikuwa na lingine la kuongeza. "Na mtoto haonyeshwi wageni mpaka arobaini."

Wageni! Yeye mwenyewe alikuwa amembeba mtoto tangu siku ya kwanza, akimbadilisha nepi na kumwimbia na kumwambia kila jirani kwamba pua ni ya ukoo wao. Yeye ni mwenyeji. Kapitolina, aliyemzaa Taisiya, ndiye mgeni. Taisiya alilimeza lile neno, akakaa nalo siku zote arobaini.

Siku ya arobaini na moja alimvisha mtoto, Arseni, akamlaza kigarini, akatoka. Mtaani walikwenda vizuri, maana mbele ya kituo walikuwa wamefagia. Baada ya hapo mateso. Magurudumu yalizama, yakapinda, akakisukuma kwa tumbo lililoshonwa, jasho likimtiririka ndani ya koti. Alipofika relini akaona geti liko wazi, akaingia. Gurudumu la mbele likajigeuza ubavu, likatumbukia kwenye mwanya kati ya chuma na ubao, likanasa.

Akavuta. Halikutoka. Kengele ikaanza kulia.

"We Taisiya! Ondoa hilo dude! Treni ya mizigo hiyo!" Aliyepiga kelele alikuwa Nonna, mlinzi wa kivuko, mama mnene mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, aliyepokea barua kwa Taisiya miaka yote ile.

"Limenasa, shangazi Nonna! Limenasa!"

Nonna alitoka kibandani mbio ambazo hakuna aliyemdhania, akakikamata kigari kwa mbele, akakiinua kizimakizima na mtoto ndani yake, akarudi nacho upande wa mjini. Gurudumu moja lilibaki pale pale. Treni ikapita, makaa ya mawe mabehewa kwa mabehewa, ardhi ikitetemeka. Arseni hakuamka hata kidogo.

"Nani kakuchagulia takataka hii?" Nonna aliuliza.

"Mume wangu."

"Mume wako anakupenda kweli?"

"Kile nilichokitaka kiliisha."

"Cha namna gani?"

"Cha kijani. Magurudumu makubwa."

"Kiliisha wapi? Viwili viko dirishani pale dukani, nimevipita jana nikienda kununua samaki. Tangu vuli viko pale, vinakula vumbi."

Taisiya alikigeuza kigari kinyumenyume, kwa kuwa kwa magurudumu matatu kilivutika tu, hakikusukumika, akakiburuta hadi dukani. Vilikuwa viwili, kama alivyoambiwa. Muuzaji, binti mwenye miwani, alimkumbuka.

"Si wewe uliyekuja na tumbo, ukakisukuma hiki mpaka mlangoni?"

"Ni mimi. Nani alimwambia mume wangu kimeisha?"

"Kimeisha? Hakuna aliyemwambia hivyo. Nilimtolea mwenyewe, akawa ameshakishika." Binti akasita. "Huyo mama mtu mzima aliyekuja naye ndiye aliyekataa. Alisema ukipata hiki kila siku utakuwa ng'ambo ya reli, na mtoto atakulia kwenye moshi. Akasema, tupe cha kutembelea penye lami."

"Na mume wangu akasemaje?"

"Alikuwa anaangalia simu."

Binti alisema angemsaidia abadilishe kama kingekuwa kizima, lakini kimeng'oka gurudumu na risiti hana. Taisiya akamshukuru. Njia nzima ya kurudi alijikuta anasema peke yake kwa sauti, na watu wakampisha. Juu ya hofu ya treni hasira ilikuwa imepanda hadi utosini, na kwa kweli ilimfaa, maana bila hiyo asingefika nyumbani kwa miguu yake.

Raisa Lvovna alikuwa jikoni anafunga nyama kwenye unga. Gleb alikuwa amerudi kula.

"Ulisema kiliisha," Taisiya alimwambia.

Gleb akamtazama mama yake. Halikuhitajika jibu jingine.

"Nilikataa mimi," alisema Raisa Lvovna, bila kuacha unga. "Na kesho ningekataa tena. Mimi nimekulia kwenye nyumba za namna ile, mwanangu. Najua jiko la makaa. Ukifunga bomba la moshi mapema, asubuhi watu hawaamki. Mjukuu wangu halali kule."

"Ungeniambia hivyo."

"Ungenisikia?"

"Nisingekusikia! Tungegombana, tukatukanana, mmoja akashinda. Lakini wewe hukutaka kugombana. Umenifunga kwa magurudumu, halafu siku arobaini unanitazama napanga safari, unaniambia nisisahau kofia ya mtoto! Leo gurudumu lako limebaki relini. Mtoto alikuwa ndani. Treni inakuja. Nonna ndiye aliyetutoa."

Raisa Lvovna akaacha unga. Akakaa chini, uso umemshuka.

"Taya, punguza sauti," Gleb alisema, akimwita kwa jina lake la kifupi. "Mtoto ataamka."

"Wewe nyamaza. Ndiyo kazi unayoiweza." Akamgeukia mzima. "Mama yako anaogopa moshi. Sawa, anaogopa, ana sababu yake. Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

Gleb akasema atakwenda kutafuta gundi ya lile gurudumu. Gundi! Taisiya alicheka kicheko kibaya, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Asubuhi yake Taisiya alikiburuta tena kigari kibovu hadi kivukoni, na Nonna alikuwa anamngoja, maana alijua atarudi. Alikuwa amekuja na kigari chake cha zamani, cha bluu iliyokolea, cha enzi ambazo vitu vilitengenezwa kwa chuma, chenye magurudumu ya spoku makubwa kama mifuniko ya masufuria. Humo alimlelea binti yake, na kwa miaka ishirini sasa alibebea makaa ya kibandani. Alikuwa amekimwaga, akakisugua kwa maji ya moto na sabuni, akatandika godoro dogo.

"Usiangalie sura," alisema. "Na ukimaliza unirudishie, makaa hayajibebi."

"Nitakuachia hiki cheupe, shangazi."

"Nikifanyie nini? Hakibebi hata ndoo."

Taisiya alikivusha reli kwa mkono mmoja. Magurudumu yalipanda juu ya chuma, yakashuka, yakaingia kwenye theluji isiyofagiwa na kuikanyaga chini. Kilikuwa kizito, kililia kila kilipozunguka, na kilinuka makaa kwa mbali hata baada ya sabuni yote ile. Alikwenda saa nzima na robo. Mara mbili alisimama kupumua na kushika mshono wake. Hakukutana na mtu isipokuwa mbwa.

Kapitolina alikuwa getini na magongo yake, na ilionekana alikuwa pale muda mrefu, kwa jinsi nyusi zilivyojaa barafu. Hakumgusa mtoto. Aliingia kwanza ndani, akasimama mbele ya jiko, akaipasha mikono yake, huku na huku, mpaka ikawa myekundu. Ndipo akamchukua Arseni. Akamtazama sana.

"Nilidhani hutaki kuja," alisema baadaye, bila lawama, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Mimi? Mama, kila simu nilikwambia nakuja!"

"Ulisema. Lakini Gleb alinipigia. Aliniomba nisikuulize tena mnakuja lini, eti kila nikiuliza unalia siku nzima, unachoka. Basi nikaacha kuuliza. Nikasema labda unaona aibu na nyumba hii."

Taisiya hakuwa amelia hata siku moja. Wiki tatu nzima alikuwa akishangaa mbona mama haulizi tena, akadhani mama amenuna, naye akanuna kidogo ili wawe sawa. Wiki tatu walikuwa wameongea habari za hali ya hewa na bei ya sukari, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Aliuangalia mkono wa mama yake uliokuwa chini ya kichwa cha Arseni, na hasira iliyomshika sasa haikuwa ile ya jana. Ya jana ilipiga kelele. Alitoa simu mfukoni akapiga.

"Uko wapi?" Gleb aliuliza. "Mama hajala tangu jana, anakulilia. Mnarudi saa ngapi?"

"Njoo huku, Gleb. Uje ukae mbele ya mama yangu, umwambie kwa mdomo wako ulinunua nini, na kwa nini, na nani alikuwa akilia."

Ilisikika televisheni nyuma yake.

"Leo? Taya, theluji imejaa, teksi hazivuki. Njia ile haipitiki."

"Inapitika," alisema Taisiya. "Mwanao ameipita."

Akakata simu.