Uvimbe Nilioupaka Karafuu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wifi yangu husema nikifika Gombani, hapa hapa Pemba, basi nimesafiri. Kwa hiyo siku niliyogusa kigumu kama punje ya kunde kifuani, kwenye ziwa langu la kushoto, nikioga, sikukimbilia hospitali. Nilitwanga karafuu, kama tufanyavyo kwetu kwa kila kinachovimba, nikaikanda kwa mafuta, nikabandika na kufunga kitambaa. Skuli nilisoma baiolojia mpaka kidato cha nne, haikunifaa kitu.

Mama yangu alikufa kwa saratani ya ziwa. Aliuficha ugonjwa chini ya kanga mpaka ukashindwa kufichika. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, na ndilo lililonifunga mdomo.

Wifi alinigundua kwa pua.

"Wifi, wanukia kama gunia la karafuu za magendo. Kuna nini humo?"

Nikamwonesha. Hakucheka. Asubuhi yake tulikuwa hospitali ya Chake.

Daktari, mwanamke wa makamo, aliitazama ngozi yangu iliyochubuka, akakunja uso.

"Umepaka nini, dada?"

"Karafuu."

"Wekundu ni dalili ninayoiogopa. Sasa sijui huu ni wa maradhi au wa kinu chako."

Akachukua damu ikatafutwe viashiria, zile alama ambazo uvimbe wa saratani huweza kuzimwaga mwilini. Sindano ya kwenye uvimbe wenyewe ikangoja ngozi ipone. Nikangoja nayo, nikijigusa kila nikipita chumbani, kama mwenye duka anayehesabu mali aliyokwisha kuihesabu.

Damu ilirudi safi.

"Haya, tupikie pilau," wifi akasema. Mimi nilikuwa nimeshasimama, buibui nimelikaza, nusu niko mlangoni.

"Kaa, dada," daktari akasema. "Uvimbe ukiwa mchanga, damu huweza kunyamaza. Majibu haya hayajakuachia."

Nikakaa. Ngozi ilikuwa imeshapona. Sindano ikaingia siku ile ile. Niliuma ncha ya mtandio nisipige kelele, na wifi akageukia ukutani.

Tulipoitwa tena, daktari alifunga mlango kwanza. Hapo nilijua.

"Ni saratani. Lakini ingali ndogo, tumeiwahi. Tukate."

"Lini?"

"Wiki hii."

Nikakikumbatia kifua kwa mikono miwili, kama aliyebeba mtoto anayetaka kunyang'anywa. Daktari akauliza nani wa kwetu atakayenitolea damu ya upasuaji. Wifi akaanza kukunja mkono wa gauni lake.